Siku Tulipoacha Kuonja Chemba

Laiti ningesema, "Hapana, afande." Maneno hayo yalikuwa yamenifika kooni. Nilikuwa nimesimama kwenye dirisha la ghala la silaha la kituo chetu kidogo, hatua chache kutoka Kariakoo, kitambaa cha mafuta begani. Mkuu wa Kituo alikuwa upande wa pili akigonga kaunta kwa pete yake ya ndoa. Aliniambia kuanzia kesho doria za sokoni zitatoka na risasi chemba. Nikajibu, "Sawa, afande." Kisha nikaendelea kupangusa mtutu niliokuwa nao mkononi, ingawa ulishakuwa safi.

Wengi wenu mnaoingia kwenye kazi hii leo mtasema, kuna nini hapo? Ili mwelewe uzito wa "sawa" ile, inabidi niwarudishe nyuma, mpaka siku ya kwanza nilipoingia ghalani.

Nilikuwa konstebo mpya, mtoto wa Ilala mwenye cheti cha kidato cha nne na kiatu kinachobana. Wenzangu niliotoka nao chuoni walipangiwa barabarani, mahakamani, kwenye magari. Mimi nilipelekwa ghalani kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka. Kilikuwa chumba cha giza chenye dirisha moja la nondo, ambapo silaha hutolewa na kurudishwa. Bunduki zilisimama kwenye rafu za mbao kama watu waliolala wima. Harufu yake ilikuwa ya mafuta, chuma na mbao kuukuu. Hata leo nikiisikia kwa fundi baiskeli, mtaa mzima hunipotea, nikajikuta tena kijana mlangoni pale, sijui mikono niiweke wapi.

Mtunza ghala wa wakati huo alikuwa Staff Sajenti mmoja mwembamba, mtu wa Kilwa, anayezungumza taratibu kama anayepima sukari. Alinikabidhi bunduki.

"Wewe mwenye mwandiko. Hiyo imejaa au tupu?"

"Tupu, afande."

"Umejuaje?"

"Iko ghalani, afande."

Alicheka mpaka akakohoa. "Kwa hiyo simba akiwa zizini ni mbuzi?"

Akanifundisha. Magazini ni kile kibweta cha risasi kinachochomekwa chini ya bunduki. Chemba ni chumba kidogo nyuma ya mtutu, ambamo risasi moja hulala ikisubiri kupigwa. Magazini inaweza kujaa na chemba ikawa tupu, na hapo ukivuta triga utasikia mlio mkavu tu. Ili risasi ipande chemba lazima ukoki, yaani uvute kipini cha pembeni na kukiachia. Tofauti kati ya bunduki iliyolala na iliyoamka ndiyo hiyo.

"Sasa," alisema, "toa magazini, vuta kipini ukishikilie, kisha ingiza kidole chako cha mwisho mule ndani. Onja."

"Nionje?"

"Mpishi haangalii chumvi kwa macho. Jicho hudanganywa na kivuli. Kidole hakidanganywi."

Nikaingiza kidole. Ndani mlikuwa na baridi na ulaini kama sakafu ya msikiti alfajiri. Kipini kikaniponyoka, chuma kikanirukia. Ukucha wa kidole changu cha mwisho cha mkono wa kushoto umepinda mpaka leo. Staff Sajenti alinifunga kitambaa, akasema sasa nimesajiliwa.

Huo ndio ulikuwa utaratibu wa ghala lile, nami niliubeba kila nilikohamishwa. Askari akija dirishani kuchukua silaha, anaonja yeye kwanza, kisha mtunza ghala. Akirudi, vivyo hivyo. Vidole viwili, cha mbebaji na cha mtunzaji. Hakuna cheo kilichosamehewa. Nimewahi kumwonjesha Mrakibu mzima mwenye haraka ya kwenda harusini, akaacha alama ya mafuta kwenye shati lake jeupe na kunilaani kwa upole.

Katika miaka yangu nilipokea na kutoa kila aina. Nilianza na bunduki ndefu za mbao, nzito, zinazopiga risasi moja moja kama mzee anayeongea akitafakari. Zilifaa kulinda benki na majengo. Zikaja shotgani, ambazo goroli zake husambaa zikitoka mtutuni. Ni nzuri kwa mlango wa ghala usiku, mbaya penye watu, maana hujui goroli ya mwisho itakwenda kwa nani. Zikaja SAR, kisha SMG, fupi kidogo, zinazojijaza zenyewe, ukipiga moja nyingine inapanda chemba bila kuombwa. Bastola zilikuwa za maofisa na wapelelezi. Watu huidharau bastola kwa udogo wake, kumbe ndiyo inayodai mazoezi kuliko zote, kwa sababu mtutu mfupi hugeukia popote mkono unapotetemekea.

Nilipohamishiwa Buguruni, Inspekta wetu hakupenda bunduki sokoni kabisa. Doria zake zilitoka na virungu na filimbi. Askari vijana walilalamika, naye akawajibu mbele ya gwaride, "Hapa Buguruni ukipiga risasi moja utampata mwizi, muuza machungwa na mama mkwe wako. Sasa yupi utamwandikia maelezo kwanza?"

Aliyecheka kwa sauti kuliko wote alikuwa Koplo Shabani, na alikuwa na sababu, maana mama mkwe niliyekuwa nikimtafuta mimi wakati ule alikuwa mama yake mzazi.

Shabani tulikuwa naye chuoni, kitanda chake juu, changu chini. Nilipopangiwa Buguruni ndiye aliyenikaribisha kwao kula wali, katika nyumba ya vyumba vya kupanga nyuma ya gereji. Dada yake, Mwanaidi, ndiye aliyetutengea. Alinitazama mikono akasema, "Kaka, huyu mgeni wako anakula na mafuta ya injini?" Nilinawa mara mbili. Baada ya muda niliposa, na siku ya ndoa Shabani alilia kuliko bibi harusi. Toka hapo hakuniita tena kwa jina wala cheo. Nilikuwa shemeji, nyumbani na kazini. Inspekta alimkemea, "Kwenye gwaride hakuna shemeji, Koplo! Kuna Sajenti!" Shabani akapiga saluti, kisha akanigeukia bila kucheka. "Umesikia, shemeji?"

Mwishoni mwa utumishi wetu tulikutana tena, mimi mtunza ghala na yeye wa doria, katika kituo kile cha jirani na Kariakoo. Nikifumba macho, miaka ile naiona kama kitu kilichoanikwa juani. Asubuhi vumbi linanyanyuka kati ya vitenge, mwanga unapita ndani yake na kutoka na rangi. Barazani kwa Baba Neema, mfanyabiashara wa jumla kutoka Rombo, alikaa Bi Salma na cherehani yake ya miguu. Alikuwa mama wa pwani mwenye kucha za hina, ndiye aliyetupunguzia suruali za sare. Mguu wake ulipanda na kushuka siku nzima, na mlio wa cherehani ile ulichanganyika na kelele za soko mpaka ukasikika tu ukinyamaza.

Halafu duka la mtaa wa pili likavamiwa mchana kweupe. Wezi walikuwa na bastola, askari wetu wa doria alikuwa na SMG yenye chemba tupu, na alipokuwa anakoki wao walishapanda pikipiki. Hakuumia mtu, lakini soko lilichacha. Baba Neema alikuja kituoni na wenzake.

"Afande, aisee, tunawaheshimu," alimwambia Mkuu wa Kituo. "Lakini askari wako anashika silaha kama mwavuli. Mpaka aufungue, mvua imeshapita!"

Wafanyabiashara wakacheka. Mkuu wa Kituo hakucheka. Alikuwa kijana kwetu kwa umri, msomi, mwepesi wa kuona aibu. Jioni ileile ndipo alipokuja dirishani.

"Sajenti, kesho doria zitoke na risasi chemba."

Nikajaribu kidogo. "Afande, kule kuna msongamano. Na utaratibu wetu…"

"Utaratibu wenu wa vidole? Unataka mwizi naye asubiri muonje?"

"Basi afande ungetuandikia mstari mmoja…"

"Nikuandikie? Wewe ni mchumba wangu?" Akagonga pete. "Nimesema."

Nikasema sawa. Nilibakiza muda mfupi nistaafu, na sikutaka kumaliza na ugomvi. Hiyo ndiyo sababu yote. Nimeitafuta nyingine, iliyo bora, sijaipata.

Asubuhi yake Shabani alikuja kuchukua SMG yake. Akachomoa magazini, akavuta kipini, akaingiza kidole kama kawaida, akanipa nami nikaonja. Tupu. Nikamrudishia magazini nikamweleza amri. Akasogeza uso kwenye nondo.

"Shemeji, unanipa nyoka aliyeamka nimpitishe kwenye harusi?"

"Amri, shemeji."

"Na wewe umesemaje?"

"Nimesema sawa."

Aliisukuma bunduki ikarudi upande wangu. "Basi koki wewe. Mkono wangu haujafundishwa hivyo."

Nikaikoki. Nikapandisha sefti, kile kijiti cha pembeni kinachozuia triga isivutike, nikampa. Tulifanya hivyo kila asubuhi kwa majuma kadhaa. Yeye aliisukuma, mimi nilikoki, naye aliipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto wa mwenzake. Kidole changu cha mwisho kilikosa kazi. Chemba ikishatakiwa iwe imejaa, utaonja nini? Wakirudi kunywa chai bunduki zao ziliegeshwa ukutani zimeamka, nasi tukazizoea, na kuzoea ndiko yule Staff Sajenti wa Kilwa alikokuogopa kuliko wezi.

Siku moja kabla ya Idi, Kariakoo ilikuwa imefurika. Nilikuwa ghalani. Nikasikia mlio mmoja.

Wengine walidhani tairi limepasuka. Mimi niliujua kama mama anavyojua kilio cha mwanawe. Nilitoka mbio, na nilipokata kona nikakuta jambo ambalo sikuwahi kulikuta wala sijalikuta tena: Kariakoo imenyamaza. Watu wamelala chini, wengine wamechuchumaa na mizigo kichwani. Vitenge vilikuwa vinapepea taratibu kama chini ya maji. Gurudumu la cherehani ya Bi Salma lilikuwa bado linazunguka, lakini mguu wake ulikuwa umetulia.

Kilichotokea kilikuwa kidogo tu. Wabeba mizigo walikuwa wanashusha mkokoteni, wakipaza sauti, "Oya, moto, moto! Pisheni!" Mkokoteni ukamsukuma Shabani kwa nyuma. Sefti ilikuwa chini. Pengine ilikwaruza nguo za watu ikashuka, pengine alikuwa ameishusha. Alijishikilia asianguke, na mkono wake ukajishikilia palipokuwa na triga. Risasi ikapiga sakafu ya baraza, ikaruka, ikaingia gotini kwa Bi Salma.

Alikuwa bado amekaa kitini, akiuangalia mguu kama kitambaa cha mteja. "Jamani," alisema, "toeni hilo gauni, la watu, lisiingie damu."

Baba Neema alivua shati lake akamfunga nalo, huku akilia na kusema, "Mama, nisamehe, mama, ni mimi niliyewaita." Shabani alikuwa ameiweka bunduki chini na kurudi nyuma, mikono hewani kana kwamba kuna mtu amemwelekezea yeye. Niliiokota. Nikachomoa magazini, nikavuta kipini, na risasi nyingine iliyokwisha kupanda ikaruka ikagongagonga sakafuni. Kisha, kwa mazoea ya miaka yote, nikaingiza kidole. Chemba ilikuwa tupu. Ilikuwa ya moto.

Maofisa walikuja kutoka mkoani kuchunguza. Mkuu wa Kituo aliwaambia hajawahi kutoa amri ya aina hiyo, na kweli hapakuwa na mstari wowote wa kuonyesha, wala askari wengine wa doria hawakuthubutu kumpinga. Shabani alipoulizwa nani aliyeijaza chemba, alijibu kwa utulivu, "Muulizeni shemeji yangu. Yeye ndiye mtunza ghala." Hakunitaja zaidi ya hapo. Alikuwa na hakika nitamalizia mwenyewe.

Nikaitwa. Chumba kilikuwa na feni inayozunguka polepole, na nilijiona kama niko mbali, kama nasikiliza kesi ya mtu mwingine kupitia ukuta.

"Sajenti, utaratibu wa ghala lako ni upi?"

"Silaha hutoka chemba tupu, afande. Huonjwa na vidole viwili."

"Siku hiyo ulimwona Koplo akiikoki?"

"Sikumwona, afande."

Na kweli sikumwona, kwa sababu niliyekoki ni mimi. Walisubiri kidogo kama nina la kuongeza. Nikatazama feni. Nilifikiri kiinua mgongo changu, nikafikiri nyumba niliyoianza na haijaezekwa, na aliyekwisha kusema sawa mara moja huona afadhali ailinde kuliko kuifuta. Wakaandika kwamba Koplo alikoki kwa hiari yake penye umati. Shabani alifukuzwa kazi bila mafao, akashtakiwa kwa uzembe, akafungwa.

Sikumwambia mke wangu. Aliniuliza mwenyewe, akiwa anachambua mchele, siku aliyotoka kumtembelea kaka yake gerezani.

"Kaka hasemi kitu. Anasema nikuulize wewe. Nani aliikoki?"

"Mimi."

Aliendelea kuchambua mpaka ungo ukaisha. Kisha akainuka, akakunja nguo zake vizuri, akaenda kwao Buguruni.

Nilistaafu kwa sherehe ndogo yenye soda na hotuba. Mkuu wa Kituo, aliyekuwa amepanda cheo, alinisifu kwa utii.

Shabani alipotoka alipata kazi ya kulinda ghala la vyuma chakavu kwa kirungu na tochi. Nilimwendea mara moja tu. Alinikaribisha kiti, akanimiminia kahawa, akazungumza habari za mpira. Hakunigombeza. Nilipoanza kusema, "Shemeji, siku ile…" aliinua mkono, akasema, "Kunywa, itapoa." Sikupata nguvu ya kurudi. Miaka michache baadaye aliugua kifua na kufariki.

Baada ya mazishi ndipo nilipokwenda mkoani kusema ukweli wote. Afisa kijana alinipa shikamoo na kiti, akanisikiliza kwa heshima, akaniambia faili limefungwa na mwenyewe ameshatangulia. Nikamwendea Bi Salma pia. Bado anakaa barazani pale, mguu mmoja umenyooka hausukumi tena, cherehani ameifungia mota. Alinisikiliza huku akitunga uzi.

"Ungesema siku ile, mwanangu, ungekuwa ushahidi," alisema. "Leo ni hadithi." Kisha akanitazama suruali. "Lete hiyo, upindo umefumuka. Dhambi zako sizishoni, lakini hiyo naiweza."

Nawasikia siku hizi mkibishana: kila askari apewe bastola, wengine mnasema SMG, wengine virungu tu kama kwa Inspekta wangu wa Buguruni. Mkiniuliza mimi, sokoni bunduki ndefu isiingie bila sababu iliyo mbele ya macho; anayebeba bastola apelekwe kulenga shabaha mara kwa mara, asingoje mwaka upite; na penye watu chemba ibaki tupu, hata kama mwizi atatangulia, maana mwizi hukamatwa kesho lakini risasi hairudishwi ghalani. Na mtu akikupa amri ya kuamsha silaha kwenye umati, mwombe aiandike. Akicheka, mwache acheke. Wewe usikoki.

Mara nyingi alasiri nikijilaza naota niko Kariakoo, vitenge vinapepea na hakuna hata mtu mmoja. Natembea kati ya meza nikiwa nimetanguliza kidole changu chenye ukucha uliopinda, nikitafuta kitu cha kuonja, na kila nikigusa ni pa moto.

Siku ya kumzika Shabani nilikwenda na kanzu niliyonunua kwa ajili hiyo. Nilijipanga na wanaotia udongo. Mwanaidi alikuwa amebaki nyumbani na wanawake, lakini mdogo wao wa kiume alisimama kaburini akipokea watu. Wengine waliooa kwao aliwaita shemeji, mmoja mmoja, akiwashika mkono. Nilipofika mimi alinishika pia. Akasema, "Ahsante kwa kuja, Sajenti."

Sina tena mtu wa kuniita shemeji. Mwanaidi hakurudi, na Shabani alikufa bila mimi kumalizia sentensi yake. Ile "sawa, afande" ilinigharimu mke wangu na rafiki yangu, na nyumba niliyokuwa nailinda nimeiezeka nikaishi humo peke yangu.